Kopo la Luqmani na Saa Iliyo Kando Yake

Fundi Luqmani Shehe wa Kigombe anastaafu tarehe 30 Juni 1994, baada ya miaka ishirini na saba ya kutengeneza mota, swichi na vipaza sauti vya kiwanda chetu cha kamba. Maneno ni yangu mimi, Jumbe wa mashine za kusokota. Anayeandika ni Nasra wa ofisini, maana mimi na kalamu hatujawahi kusalimiana.

Alikuja kijana mwembamba, koti la kazi linamvaa yeye. Wiki ya kwanza alifungua redio ya meneja, akaifunga, akabakiwa na skrubu tatu mkononi, na redio ikaimba kuliko mwanzo. Nikamwita Mwizi wa Skrubu. Yeye akaniita Redio Jumbe, ati haina pa kuzimia. Majina hayo tunayo mpaka leo.

Kubwa lake ni kurusha sauti bila waya. Waya madukani ulikuwa hauonekani, basi akachomoa vyuma vya redio zilizokufa, akavipanga ndani ya kopo la maziwa. Kwa asiyejua, si uchawi. Kaseti inaimba sebuleni, kopo linaichukua sauti na kuirusha hewani, na redio ya jikoni, ukiizungusha mpaka pale pasipo na stesheni, inaidaka. Usiweke mbali, usiweke kuta nyingi katikati. Nusu ya watu wa kota zetu, nyumba za kiwanda, aliwafundisha. Mimi nilishika kwa siku moja. Haya, siku nne.

Mwaka 1983 mkewe, Tuhfa, pumu ilimzidi. Enzi zile za mgao, kukosa kazi siku moja ni kukosa kibali cha unga na sukari, kwa hiyo Luqmani alitia maikrofoni kwenye kopo, akaliweka kando ya kitanda, na redio akaiweka mezani kwake karakanani, ng'ambo ya ukuta wa kota. Mke akianza kukorota kule, pumzi zikimbana, yeye huku anasikia, anaruka ukuta, anambeba hadi zahanati. Mara tatu alimwahi hivyo.

Taabu ilikuwa betri, madukani hazipatikani. Tulikuwa tukizianika juu ya bati zipate nguvu kidogo. Na mimi, nyie mnanijua, nilijisifu kwamba Tanga nzima hakuna wa kunishinda kuanika betri, zangu zinafika magharibi. Luqmani aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia, "Bwana we, hizi zitakuzika!" Akacheka, akazichukua, akazitia kwenye kopo.

Hazikufika adhuhuri. Redio ikabaki inavuma tu, na kwa kelele za mashine zetu huwezi kujua kama kopo limekufa au mgonjwa kapata usingizi. Luqmani alifurahi, akajua kalala. Saa saba alipompelekea uji, Tuhfa alikuwa ameshapoa mwili mzima.

Hakunilaumu. Si siku ile, si katika miaka hii kumi na moja. Alizika, siku ya nne akarudi kazini, akaongeza sharti moja kwa kila anayejifunza: weka saa ya mezani kando ya maikrofoni. Ukiisikia inagonga, sauti inafika. Usipoisikia, usikae ukajipa moyo, inuka ukaangalie. Kwa saa hiyo Sabiha wa stoo alimwahi mama yake.

Siku hizi betri zimejaa maduka ya Ngamiani, za kila rangi, na kiwanda ndicho kinachotafuta mnunuzi. Karakana inafungwa. Wengine tutafuata bila hata kuandikiwa maneno kama haya.

Kamati ya kumuaga ikamnunulia mstaafu saa ya ukutani, kama kawaida. Nilikuja juu, nikasema mpeni hata kitanda. Luqmani mwenyewe akasema ataipokea, ataitundika chumbani kwake Kigombe, ila betri aitie Jumbe.

Nimeitia jana. Mpya, ya dukani. Saa nimeiweka sikioni mpaka mkono ukachoka.

Ahsante kwa yote, Mwizi wa Skrubu. Mungu akupe uzee wenye afya na nyumba yenye watu. Na siku saa hiyo ikinyamaza, usitume mtu. Nakuja mwenyewe.