Dote ya Buti: Papa Mushagalusa Anawaaga Gorila

Papa Mushagalusa anastaafu tarehe 31 Desemba 1989, baada ya miaka kumi na minane ya kufuata nyayo za gorila. Alianza kazi mwaka uleule nchi ilipopata jina la Zaire. Aliandikishwa kama Adalbert. Majina ya kizungu yalipokatazwa, alisema hana hasara, maana gorila hawakuwahi kumwita hivyo.

Kazi yake ilikuwa kutangulia asubuhi, kutafuta walipolala, kisha kuwaongoza wageni. Sisi wakata njia tuliotoka Shabunda tulimfuata na mapanga, tumechoka, tukimshangaa mtu anayefurahia kinyesi kilicho bado na moto. Familia aliyoipenda kuliko zote ni ya dume tuliyemwita Kapita, kwa sababu, kama msimamizi wa kazi, alitembea nyuma akihimiza wenzake.

Mwaka 1978 bustani moja ya wanyama ya Ulaya ilituletea buti, makoti ya mvua na redio za kuitana msituni. Haikuomba kitu. Hapo wasiwasi ukaanza. Kwa Washi, kabila la Papa, zawadi zikitangulia nyumbani kwako, ujue ni dote, yaani mahari: kuna binti anayetazamwa. Papa alivaa buti zake shingo upande, akatuonya: « Hii iko dote, batoto yangu. Kesho watakuja kubeba bibi harusi. »

Kweli, mgeni akaja: Mama Monique, mlishaji wa gorila katika bustani ile. Papa alimzungusha siku mbili kwenye mianzi ambayo Kapita alikuwa ameihama zamani. Mama wa watu akateleza, akachafuka, akashukuru. Siku ya tatu Kapita mwenyewe akatokea njiani. Papa akasimama mbele ya mgeni, mikono ameitanua, kama baba mlangoni. Nyuma yake familia yote ikavuka, mtoto mmoja wa kike akiwa mgongoni mwa mama yake.

Mama Monique hakuinua hata kamera. Walipokwisha kupita alipiga magoti, akaokota kinyesi, akakifunga vizuri kama nyama ya sikukuu.

« Ni hiyo tu unabeba? » Papa akauliza.

Ni hiyo tu, Mama Monique akajibu. Gorila wake walizaliwa ndani ya ukuta na matumbo yanawasumbua. Alitaka kujua wa huku wanakula nini. Watu wa kule hulipa kuwaona, na sehemu ya tiketi ndiyo inayonunua buti zetu, ili wa huku walindwe wakiwa kwao. Wala hakuficha kwamba zamani bustani kama yake zilinunua watoto waliokamatwa msituni, na kumkamata mtoto ni kumuua mama yake kwanza. Woga wa Papa haukuwa upumbavu.

Jioni ile Papa alileta kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akatangaza kwamba katika maisha yake hajaona mkwe aliyeleta dote akaondoka na mavi. Lakini mpaka leo, Papa humuuliza kila mgeni kwanza atabeba nini.

Yule mtoto wa mgongoni sasa naye ana mtoto. Hajatoka kwao.

Asante, Papa, kwa kusimama mlangoni. Bustani imekuletea buti mpya za kuagana. Zivae bila wasiwasi shambani kwako Kabare, uzeeke kwa amani na tumbo lililoshiba. Hizi hakuna atakayezifuata kudai bibi harusi.