Mzee Zapryan Karadelev, Aliyeongea Huku Akipasuliwa Ubongo

Ndugu, jamaa na majirani, mzee wetu Zapryan Karadelev alizaliwa hapa hapa kijijini Borikovets tarehe 3 Machi 1941, alisoma hadi darasa la saba mwaka 1955, akaacha kwa hiari yake na walimu hawakulia, kisha akachunga kondoo wa ushirika, na baadaye wake mwenyewe, kwa zaidi ya miaka hamsini, bila mdomo kupumzika.

Tarehe 14 Oktoba 1964 alifunga ndoa na Bibi Rusana, wakajaliwa Asen na Desislava, na Bibi alipopofuka mwaka 1988 marehemu akawa macho yake, akimsimulia kila kitu, hata nani kavaa nini kanisani, na mengine aliyatia chumvi.

Septemba 2009 maneno yalianza kumponyoka, na hospitalini mjini Plovdiv akakutwa na uvimbe kwenye ubongo, jirani kabisa na sehemu ya usemi, naye akamwambia Daktari Tancheva, aliyekuwa amfanyie upasuaji, waziwazi, "Mguu chukua, mkono chukua, ulimi niachie, mke wangu haoni, nikinyamaza atajuaje kama nipo?"

Alipasuliwa tarehe 17 Novemba akiwa macho, akitaja picha alizoonyeshwa huku daktari akimgusa ubongo kwa umeme mdogo, na kila alipokwama paliwekwa alama kwamba pasikatwe. Kwenye picha ya mbwa mwitu alinyamaza, alama ikawekwa, uvimbe wa hapo ukawa wa kuachwa, lakini hata umeme ulipoondolewa alibaki kimya, ndipo daktari akauliza, "Mzee, neno limepotea?"

"Ninalo, binti yangu, ila siku hizi za katikati ya Novemba ni sikukuu zake, sisi wachungaji hatumtaji, akisikia jina lake anakuja, na kondoo wangu mia na ishirini nimemwachia Asen, ambaye akilala amelala!"

Chumba kizima kilicheka, alama ikabanduliwa, ikaletwa picha ya punda, akamtaja bila kusita umeme ukiwa pale pale, na uvimbe ukatolewa wote.

Alirudi akiongea kuliko alivyoondoka, nanyi mashahidi, kwa miaka kumi na mitatu, hadi moyo ulipoanza kumsumbua Januari hii. Asubuhi ya tarehe 9 Februari 2023, nyumbani, alikuwa akimweleza Bibi jinsi theluji ilivyofika dirishani, akanyamaza katikati ya maneno, na Bibi Rusana, kabla hajamgusa, akajua.

Tunamshukuru Daktari Tancheva na wauguzi wake, majirani mliolisha kondoo wiki hii, na wenzake wa ushirika mliomvumilia.

Mzee Zapryan, umesema ya kutosha, sasa lala salama.