Funga ya Mzee Yunusi

Nasri, dereva wa Noah ya abiria ya Nachingwea kwenda Ruangwa, alipunguza redio. Alijiambia ni kwa ajili ya usalama barabarani.

Nyuma yake Bi Raudha, mkulima wa ufuta, alikuwa akimsimulia Mwalimu Makrina, abiria mwenzake waliyejuana palepale stendi. Mumewe Yunusi kalala ICU siku kumi na moja za Ramadhani hajitambui, hajapitisha hata maji mdomoni; ni chupa nyeupe mshipani tu, na mashine ya kumsafishia damu. "Jana kafumbua macho, cha kwanza kaniuliza, tumefunga ngapi? Nikamwambia, wewe kumi na moja. Si kweli, mwalimu?"

"Alikula, mama. Ile chupa nyeupe kama maziwa, iliyoingia mshipani, ndiyo chakula chenyewe. Hata dada yangu, alipolazwa, ndiyo iliyomshikilia."

"Chakula gani hakitafunwi?"

Nasri, aliyekula chapati mbili asubuhi nyuma ya gereji, aliona swali lina uzito.

"Figo za mumeo zilipogoma, mashine ikamsafisha damu," Makrina akaendelea. "Chupa ikamlisha. Hakufunga, mama. Atazilipa." Rozari ilining'inia shingoni mwake, lakini fatwa aliitoa bila kusita.

"Mimi nasema kafunga."

"Na mimi nasema kala."

Gari likasimama stendi ya Ruangwa. Bi Raudha akashuka, akajitanda khanga, akainama dirishani.

"Haya, mwalimu. Kama kala, Mungu awalipe wale manesi waliomlisha. Na kama anadaiwa funga, alhamdulillahi. Ana mwili wa kuzilipia."