Ngazi Hakuwa Utangulizi

Habari za maisha ya marehemu, ambaye karibu wote mlioketi hapa mlimwita Ngazi, zilisimuliwa kwa mara ya kwanza na shangazi yake, dada wa baba yake, tarehe 6 Januari 2019, jikoni kwake, akimenya viazi, siku chache baada ya marehemu kukatwa mguu, na mdogo wake wa pekee, ambaye ndiye anayeisoma historia hii, alizipanga kwa mfuatano, kisha akamsomea marehemu mwenyewe kitandani, naye akasahihisha tarehe mbili, akaacha mengine yote yabaki kama yalivyo, hata yale yasiyompendeza mtu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, katika zahanati ya kiwanda cha nguo ambako baba yake alikuwa fundi wa mashine za kufuma na mama yake mshonaji, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto wanne, na kwa maneno ya shangazi alitanguliza miguu, na miguu yenyewe ikawa haiishi, mpaka mkunga akasema huyu hazaliwi, huyu anateremshwa kama ngazi kutoka darini, jina likamganda hapo hapo kabla hata hajapewa lile la kwenye cheti.

Alianza shule ya msingi mwaka 1975 na kumaliza mwaka 1981, akaendelea na sekondari ya wasichana kuanzia 1982 hadi 1985, na huko kote jina lake lilikuwa kazi yake, maana ndiye aliyebadilisha balbu, aliyetundika ramani, aliyeshusha mikoba iliyorushwa juu ya makabati, na wenzake walimwambia kwa kicheko kwamba mpanda ngazi hushuka, lakini ngazi yenyewe hubaki imeegemea ukuta. Mpira wa kikapu ulimpata akiwa kidato cha pili, siku ambayo mpira ulikwama kati ya chuma na ubao, wachezaji wakamwita aje autoe, akautoa bila kuruka, na mwalimu wa michezo akamwambia abaki hapo hapo alipo.

Tarehe 12 Januari 1987 alijiunga na klabu, ile yenye timu ya wanaume na ya wanawake, iliyokuwa na ukumbi wake nyuma ya maghala ya reli, na ieleweke kwamba hakuajiriwa kama mchezaji, kwa sababu klabu haikuwa na ajira ya mchezaji wa kike, bali aliajiriwa kama mfuaji wa jezi, akalipwa mshahara wa kufua, na kwa kucheza akapewa nauli na soda moja, ambayo aliinywa amesimama kwa kuwa chupa ilitakiwa irudishwe.

Hapa yafaa waombolezaji waelewe utaratibu wa ukumbi ule, kwa sababu maisha ya marehemu yalikunjwa ndani yake kama nguo ndani ya begi. Kila Jumamosi wanawake walicheza saa kumi jioni na wanaume saa kumi na mbili, mchezo wa kwanza ukiitwa utangulizi na wa pili ukiitwa mechi, na fedha za mlangoni, baada ya gharama, waligawana waliocheza mechi. Utangulizi haukuwa na mgao, na hakuna aliyeuliza, kama vile watu wasivyouliza kwa nini kizingiti kiko mlangoni.

Kufikia mwaka 1990 ukumbi ulikuwa unajaa saa tisa na nusu, vinyozi wakifunga vibanda, kina mama wakija na watoto waliovishwa jezi za kushonwa nyumbani, na mtangazaji wa ukumbi, kijana mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni, akivuta jina la Ngazi mpaka watu wanasimama. Ilipofika saa kumi na mbili viti vilikuwa vinapumua, wanaume wakicheza mbele ya walinzi na wake zao, na mwenyekiti wa klabu, mfanyabiashara wa saruji na mabati, alipoulizwa kuhusu hilo alieleza kwa upole kwamba mashabiki huja mapema kuwahi viti vya mechi, kisha kwa bahati mbaya huchoka.

Tarehe 8 Juni 1991 marehemu alifunga ndoa na yule mtangazaji, nao walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 19 Februari 1993 na kijana aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1996. Mwaka 1992 kampuni moja ya sabuni ya unga iliweka picha ya marehemu kwenye pakiti zake, akiwa ameruka, miguu yote miwili hewani, na malipo ya picha hiyo yalikwenda klabu, klabu ikanunua basi la timu ya wanaume, naye akaendelea kufua jezi za wanaume hao kwa sabuni hiyo hiyo, akifungua kila pakiti mahali palipoelekezwa, ambapo mstari wa kukatia ulipita shingoni mwake.

Mwezi Septemba 1994, akiwa na mtoto mgongoni na ndoo mkononi, marehemu alimfuata mwenyekiti mbele ya timu zote mbili na kumwambia kwamba kama watu wanakuja kwa ajili ya mechi, basi wanawake wawekwe mwisho, na watu wakiondoka kabla yao yeye ataacha kucheza na kufua siku hiyo hiyo, lakini wakibaki, fedha za mlangoni ziwe za wasichana kumi na wawili wa timu. Mwenyekiti alicheka, akasema, "Wewe dada unataka kulala njaa kwa hiari," akampa mkono, na wanaume wakapiga makofi, kwa kuwa mtu anayejichimbia shimo hunyimwa kila kitu isipokuwa makofi.

Jumamosi tarehe 22 Oktoba 1994 wanaume walicheza kwanza, na wale waliokuwepo wanakumbuka kwamba kina mama walifuma vitambaa, wazee walisinzia, na mlinzi mmoja alilazimika kushangilia peke yake ili wachezaji wasikate tamaa, kisha wanawake wakaingia, na hakuna aliyeondoka, bali waliokuwa nje waliingia, wakakaa madirishani, wakakaa juu ya meza ya waamuzi. Katika robo ya mwisho marehemu alitua vibaya, goti la kulia likageuka upande usio wake, wakamtaka atoke, akakataa, akatupa mitupo huru miwili akiwa amesimama kwa mguu mmoja, yote ikaingia, kipenga kikalia, timu yake ikashinda.

Ndipo mume wake, mbele ya ukumbi uliokuwa bado umesimama, alipokabidhiwa karatasi na mwenyekiti, akaisoma kwa sauti yake ile nzuri, "Klabu inawashukuru kwa kuhudhuria mechi ya leo, na inawashukuru pia kwa kubaki kutazama hitimisho."

Jumatatu iliyofuata wasichana walikwenda ofisini, marehemu akiwa amebebwa na wawili, kudai ahadi, na mwenyekiti aliwaambia kwamba ahadi aliishika, kwamba wanawake waliwekwa mwisho kama walivyoomba, ila mechi haikuhama, ilibaki kuwa ile ya wanaume, na akaongeza neno ambalo wote walitoka nalo kama pete ya chuma puani: "Utangulizi haulipwi, na hitimisho halilipwi. Kinacholipwa ni kile cha katikati." Msichana mmoja aliuliza kilichokuwa katikati ni nini, ikiwa michezo ilikuwa miwili tu, akaambiwa asiwe mjuaji.

Jioni hiyo marehemu alimuuliza mume wake kwa nini alisoma, naye akajibu kwamba mtangazaji hatungi, anasoma kilichoandikwa, na kwamba wana mtoto wa kulea. Marehemu hakugombana naye, wala hakuhama chumba, ila alisema, "Sawa. Basi siku yangu usisome wewe," kisha akamwomba amsogezee ndoo aloweke jezi.

Lipo jambo moja ambalo familia ingeweza kulificha, lakini marehemu alisema lisomwe. Goti lile lilihitaji upasuaji, na bima ya klabu ilimtambua marehemu kama mfuaji, siyo mchezaji, hivyo mwenyekiti, kwa kile alichokiita huruma, alimpelekea fomu na kumshauri aandike kwamba aliteleza kwenye maji ya sabuni chumba cha kufulia, naye angelipiwa kila kitu, hospitali na dawa na mapumziko. Mume alimsihi, mama alimsihi, shangazi alimsihi mpaka akavua kitambaa cha kichwa na kukitandika mbele yake, na marehemu akawajibu wote kwa maneno machache, "Niliteleza wapi? Goti hili limeumia kwenye mechi." Fomu ilirudi tupu, goti likapona lenyewe kwa namna yake, yaani vibaya, na hakucheza tena.

Alirudi kufua kwa kuchechemea. Mahudhurio ya wanawake yalishuka, klabu ikaandika kwamba mchezo wa wanawake hauna mvuto wala haujilipi, na tarehe 30 Juni 1999 timu ikavunjwa, wakati huo wanaume nao wakiwa wanacheza mbele ya popo wa darini, jambo ambalo halikuandikwa. Marehemu alifua jezi zao hadi Machi 2011, klabu iliponunua mashine, na siku ya kumuaga, mwenyekiti alimsifu kuwa nguzo ya klabu, akampa saa ya ukutani, akamwomba, kwa kuwa yeye ni mrefu, aitundike mwenyewe kwanza ofisini ili wapige picha, na picha ilipopigwa saa ikabaki pale pale ukutani.

Tangu mwaka 2009 marehemu alisumbuliwa na ugonjwa wa kisukari, na kwa kuwa goti bovu lilimfanya auburute mguu, alipata kidonda kisiginoni kisichosikia dawa, na tarehe 2 Januari 2019 madaktari walilazimika kuukata mguu wa kulia juu ya goti, na hivyo goti lile likaondoka likiwa bado halijakubaliwa na mtu kwamba liliumia kwenye mechi. Klabu ilitangaza mchezo wa hisani kwa ajili yake, wa maveterani wanaume, mapato yakaishia kwenye gharama za mchezo, na mwenyekiti akafika wodini na katoni mbili za sabuni ya unga, zenye picha ile ile, miguu miwili hewani. Marehemu aliitazama kwa muda, akamshukuru, na alipokwisha kutoka akamwambia muuguzi agawe wodini, "maana soksi moja haihitaji katoni mbili."

Miezi ya mwisho figo zilichoka, na Alhamisi tarehe 3 Agosti 2023, saa nane mchana, katika wodi namba nne ya hospitali ya mkoa, Ngazi alifariki, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Fundi seremala aliyetengeneza jeneza, kwa nia njema, aliuliza kama alipunguze urefu kwa kuwa mguu mmoja haupo, shangazi akamwambia aliyefariki ni Ngazi, na mguu uliobaki ni mrefu vile vile, apime ubao wake vizuri.

Marehemu aliacha maombi mawili. La kwanza ni kwamba historia yake isisomwe na mume wake, na ndiyo maana ile sauti mnayoijua mmeikosa leo, ingawa mwenye sauti ameketi hapo mbele, na itamkwe wazi kwamba mume huyu alimuuguza, alimwosha, na kwa miaka minne alimbeba mgongoni, na siku alipomwomba amwondolee katazo lile, marehemu alimshika mkono na kumwambia, "Sikuchukii, mume wangu. Una sauti nzuri mno, hata ule uongo ulipendeza," lakini katazo hakuliondoa. La pili ni kwamba historia isomwe katikati ya ratiba, na familia imetii, tukaziweka salamu za klabu mwanzo kabisa, wakati viti vikiendelea kupangwa, na wale mliochelewa mkazikosa msisikitike, ule ulikuwa utangulizi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, ambao hawakuchoka kumgeuza mtu asiyeenea kitandani, inawashukuru majirani wa jengo letu, ambao kila alipokwenda kliniki walimteremsha kutoka ghorofa ya tatu, marehemu mwenyewe akiwatania kwamba leo Ngazi inashushwa ngazi, inawashukuru wafuaji wenzake, na inawashukuru sana wasichana wa timu yake, ambao sasa ni bibi za watu na bado tunawaita wasichana.

Kati ya waliotajwa hapa, baba na mama wa marehemu walikwisha kutangulia, shangazi yu hai, ana miaka tisini na moja na anasikia kila neno, mume yu hai, binti na kijana wa hai, kati ya wale wasichana kumi na wawili wamebaki saba, na watano kati yao ndio waliobeba jeneza asubuhi hii, mwenyekiti naye yu hai, alituaga mapema kwa kuwa ana mechi.

Pumzika kwa amani, Ngazi, hapo katikati yetu.