Nyuzi Alizozifunga Marehemu

Ndani ya teksi ya abiria wengi iendayo mtaa wa Laitumkhrah, mzee Teiborlang alipakata gitaa lake la umeme. Fundi wa magitaa, kijana aliyebanwa kati yake na mimi, akalichungulia, akamwita mzee kwa heshima ya kwao: "Bah, weka vigingi vya kubana nyuzi. Unapitisha uzi, unakaza, umemaliza. Huhitaji mtu wa kukushikia."

"Aliyekuwa akinishikia ni mke wangu," mzee akasema. "Hizi tulizifunga pamoja, wiki moja kabla hajafa. Nikiweka vigingi vyako, si lazima nizitoe?"

"Pole, Bah. Lakini zina kutu." Fundi ni fundi, akiona kutu haoni kingine. "Zikikatika Jumapili kanisani, je?"

"Siku hizi napiga polepole," mzee akajibu.

Teksi ikasimama. Fundi akamfungulia mzee mlango, akamshikia gitaa ashuke.