Bi Bado Anaaga Dirisha la Malipo

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, mkuu wetu wa malipo anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi. Jina lake rasmi liko kwenye faili. Kuanzia mlinzi wa geti hadi mkurugenzi, sote tunamwita Bi Bado, kwa sababu hilo ndilo jibu tulilozoea kulipata dirishani kwake.

Aliajiriwa kuwa karani wa risiti, enzi hizo kampuni ikiwa vyumba viwili, ghala la pampu za maji, na feni iliyopiga kelele kuliko wateja. Hundi zilikuja zimekunjwa mara nne, naye alizinyoosha kwa kiganja kama anayenyoosha sare ya mwanawe.

Miaka tisa iliyopita tulipoanza kupokea sarafu za kidijitali, vijana wa kompyuta walidhani atakimbia. Alinunua daftari, akaketi nao, akauliza mpaka wakaomba poo. Kisha akatufafanulia sisi wengine: malipo hufungwa pamoja katika bloku, na kila bloku mpya huungwa juu ya iliyotangulia. Zile za juu kabisa huwa hazijatulia. Mnyororo unaweza kugawanyika matawi mawili. Refu likishinda, fupi hutupwa, na malipo yaliyokuwemo yanaweza kuyeyuka huku tapeli ameshazituma sarafu zilezile kwingine.

Alilijua hilo kwa machungu. Mwaka wa kwanza, mteja mmoja alidai amefiwa, anaomba jenereta iondoke upesi. Bi Bado akamhurumia, akaiachia baada ya bloku moja tu. Kufika adhuhuri malipo hayapo, na simu ya mteja haipatikani. Alijifungia stoo, akatoka macho mekundu, akapeleka barua ya kuacha kazi. Mkurugenzi aliichana. "Kaandike kanuni," akamwambia.

Ni ukurasa mmoja, ungali ukutani: mzigo mdogo, bloku mbili; mzigo mkubwa, bloku sita; matawi yakionekana, geti halifunguliwi kwa yeyote. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nasi tulimcheka kwa kushtuka kwake. Wateja waaminifu, hata hivyo, walizoea benchi lake. Wawili walijuana hapo wakisubiri, wakaishia kuoana. Yeye husema uchumba ule hakuweza kuuhesabia bloku.

Miaka minne iliyopita, afisa mauzo mmoja alipata mteja wa pampu kumi na mbili. Afisa huyo ni mimi ninayeandika mistari hii. Lori lilikuwa limeshapakiwa, dereva anapiga honi, mteja anatazama saa. Nilikwenda dirishani mara tatu. Bloku tatu zilikuwa zimepita.

"Bado," alisema.

Nikamwambia, mbele ya watu, kwamba amezeeka na anaogopa hata kivuli chake. Alinivutia kiti, akanimiminia chai. Kabla sijaimaliza, skrini ikaonyesha matawi mawili, na letu ndilo lililotupwa. Katika tawi lililoshinda, sarafu zilezile zilikuwa zimekwenda kwenye anwani nyingine. Nilipotoka mbio uani, mteja alikuwa ameshatokomea.

Tulizishusha pampu moja moja. Bi Bado alikuja akashika upande wa pili wa ile nzito kuliko zote, tukaibeba pamoja hadi ghalani. Maneno yangu hakuyafikisha kwa mkurugenzi. Lori lingekuwa limeondoka, hasara ile ingeniondoa kazini, na binti yangu, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza sekondari, angerudi nyumbani kwa kukosa ada. Mwaka huu amehitimu.

Kwa miaka minne nimempita kila asubuhi nikimsalimia kwa adabu, bila kupata ujasiri wa kusema lililonikaa moyoni. Basi nalisema leo, mbele ya wale walionisikia siku ile: Bi Bado, nilikukosea. Nisamehe, dada yangu.

Asante kwa mizigo uliyoizuia, na kwa aibu zetu ulizozisitiri. Mumeo ameshatuonya tusikupigie simu kuuliza mambo ya kazi, tutajitahidi. Wajukuu wakuchoshe kwa vicheko, usingizi wako uwe mtamu, na siku zako zilizobaki ziwe nyingi na zenye heri.