Fundi Rangi na Jeshi la Njano

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupaka rangi mabasi ya kampuni yetu, Fundi Rangi anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe ishirini na tisa. Kamati imeniomba mimi, mtunza stoo, niandike wasifu wake, kwa kuwa ndimi niliyempa rangi na msasa miaka yote hiyo. Kuandika si fani yangu, mtanivumilia.

Aliingia hapa kijana mwembamba, akaanza kwa kupiga msasa. Ndiye aliyetufundisha kwamba puti ya kuzibia mabonde ya bodi ikiharakishwa hupasuka, na ndiye aliyebuni njano yetu, ambayo abiria huitambua basi likiwa bado mbali. Anaondoka bila kugombana na mtu, ukiacha madereva, ambao hata mimi siwahesabu.

Ila mambo yake ya saa ya mapumziko! Mtu ashinde asubuhi nzima akiondoa kutu kwenye mabasi, halafu chakula kikiisha afungue boksi, avae miwani, aanze kupaka kutu. Ni mchezo wa vita wa mezani: askari wa plastiki wenye urefu wa kidole gumba, roboti, na vifaru vya sayari ambazo hata wajukuu zetu hawatazifikia. Kila mchezaji hupaka rangi jeshi lake. Kwa Fundi, kifaru kinachong'aa kilikuwa aibu. Lazima kionekane kimepigana, kimelala kwenye tope, kimevuja oili. Na kutu yake ilikuwa hatari. Aliwahi kuijaribu kwenye bampa jipya. Nikalirudisha dukani nikifoka, na muuzaji akaifuta kwa kidole mbele ya wateja wake.

Mwezi uliopita aliamua kuingia mashindano makubwa kwa mara ya kwanza. Sharti lilikuwa moja: jeshi ambalo halijakamilika rangi halipandi mezani. Lake alikuwa amelihangaikia miaka minne. Siku moja kabla, akalipanga mezani karibu na sehemu ya kuoshea mabasi, tayari kulipiga vanishi ya kulinda rangi, mara akaitwa ofisini kwa mambo ya pensheni.

Akapita Mama Povu, mwoshaji wetu wa mabasi, ambaye akiona uchafu hapumui vizuri. Akaviona vifaru vimejaa tope, akamhurumia mwenzake anayestaafu, akaamua kumpa zawadi: ndoo, brashi, na ile sabuni yake ya kung'olea grisi ya injini. Fundi aliporudi alikuta jeshi zima limebaki plastiki ya kijivu, limeanikwa kwa safu juu ya taulo safi. Mama Povu alimwambia wala asimshukuru sana, ila kwa kweli, kaka yangu, vitoto vyako vilikuwa vichafu hadi mtu anaona haya.

Fundi alikaa juu ya kopo la rangi. Tulidhani presha imepanda. Mama Povu alipoelezwa alichokifanya akaangua kilio, na hapo ndipo Fundi aliponyanyuka na kumwambia, "Dada, futa machozi, unanilowanishia askari."

Karakana nzima ikasimama. Rangi iliyokuwa tayari kwenye bomba la kupulizia ilikuwa njano ya mabasi, basi jeshi likapigwa njano. Fundi breki akaleta vumbi la breki, fundi injini akakwangua masizi ya ekzosi, na mimi nikatoa kitu ambacho stoo yangu haijawahi kuishiwa: kutu ya kweli. Tukawa tunapaka popote, kama watoto, hadi Mama Povu akatusukuma pembeni. Uchafu, alisema, haukai ovyo. Huanzia nyuma ya magurudumu, hupanda, kisha hujificha kwenye kona ambako brashi haifiki. Akaweka kila doa pale pale ambapo yeye angelitafuta ili aliondoe, huku akisonya.

Kesho yake jeshi la njano likapanda mezani. Lilichapwa vibaya. Fundi alipoteza mechi zote, moja kwa binti wa shule aliyekuwa akitafuna bigijii bila hata kuangalia kete zake. Lakini waamuzi walirudi kwenye meza yake mara kwa mara, wakainama, wakanong'onezana, na mwishowe wakampa kikombe cha jeshi lililochakaa vizuri kuliko yote. Mmoja aliuliza unga ule wa kutu unauzwa wapi. Fundi akamwelekeza kwa Mama Povu, aliyekuja na gauni lake la harusini, naye akajibu kwa maringo kwamba hiyo ni siri ya ofisi.

Kikombe amekipeleka nyumbani. Sisi ametuachia kifaru kimoja, kipo kwenye kaunta ya stoo. Kila asubuhi Mama Povu hupita na kitambaa chake, hufuta kaunta yote, hufika kwenye kile kifaru, husonya, kisha hukizunguka na kuendelea. Kwa mtu kama yeye, hiyo ni heshima inayozidi hotuba zote za Ijumaa.

Asante, Fundi, kwa kila basi uliloliokoa. Tunakutakia ustaafu mwema: mikwaruzo iwe michache, na hiyo michache iwe ya kuchora tu.